Kiti cha Mgeni Rasmi

Kuna watu wanaoharibu maisha yao kwa ulevi, wengine kwa tamaa. Fundi Patasi aliyaharibu ya kwake kwa adabu.

Alikuwa mchonga mawe ya makaburi. Karakana yake ilikuwa uwanja mdogo uliozungushiwa mabati, kwenye barabara iendayo makaburini, na aliyepita hapo alimsikia kabla ya kumwona: tak, tak, tak, kisha kikohozi, kisha tak tena. Vumbi la mawe lilimkaa kwenye nyusi, masikioni, kwenye mfuko wa shati alimoweka penseli, na lilikuwa limeanza kumkaa kifuani pia. Daktari alikwisha kumwambia aache kazi hiyo. Patasi aliitikia kwa kichwa, akarudi karakanani, akajifunga kitambaa puani, akaendelea.

Lakini kazi ya jiwe ina ugonjwa wake mwingine ambao madaktari hawaujui: humfanya mtu aogope maneno. Seremala akikosea, huziba kwa gundi na unga wa mbao, akapaka rangi, mambo yakaisha. Mchonga jiwe akikosea herufi moja, jiwe zima linakwenda kutandikwa kwenye mfereji. Kwa hiyo Patasi alikuwa na kawaida ambayo wateja waliicheka. Kabla hajashika nyundo, alimtaka kila aliyekuja ajibu kwa mdomo wake mwenyewe, mmoja mmoja: "Alikuwa nani kwako?" Wengine walikwama hapo. Kijana mmoja alitaka marehemu kaka yake aandikwe "mpendwa wa wote", na mjane aliyesimama nyuma yake akauliza, "Wote gani?" Jiwe lile lilichelewa sana.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeletewa mtoto wa miaka mitatu.

Mama wa mtoto alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, mwenye ulimi mwepesi na kicheko cha kupasua ukuta. Yeye na Patasi walioana bila makeke. Baba wa mtoto alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Siku moja aliaga kwamba anapeleka mzigo, na mzigo huo unapelekwa mpaka leo. Hakufa. Alikuwa na maskani nyingine huko alikokwenda, mke na watoto. Hakuna aliyemwambia mtoto jambo hilo, na Patasi angekuwa mtu wa mwisho kumwambia.

Jioni ya kwanza walipohamia kwake, mtoto alimkuta akinawa mikono kwenye beseni. Vumbi lilikuwa limeyageuza maji kuwa meupe. Mtoto akamvuta suruali.

"Baba, maji yamekuwa maziwa."

Mwenye akili zake timamu angemnyanyua mtoto yule akambusu. Patasi alichuchumaa, akafuta mikono, akamwambia kwa upole wote aliokuwa nao, "Mimi si baba. Baba yako yuko safarini. Akirudi, utamwita yeye hivyo."

"Mwache mtoto aite anavyotaka," mama akasema kutoka jikoni.

"Siwezi kukalia kiti cha mtu aliye hai."

"Kiti chenyewe kina vumbi, bwana."

"Nitakipangusa. Kukikalia, hapana."

Basi wakakaa kumtafutia mtoto neno, utadhani wanachagua pazia. Mjomba? Mjomba wa kweli alikuwepo, kaka yake mama, mtu wa kununa kwa jambo dogo, na angetaka kujua ni nani amemvua cheo. Baba mdogo? Huyo ni ndugu wa baba, na neno lenyewe limeshambeba baba tumboni. Patasi akalikataa kwa sababu ileile. Ami nayo ilirudi kulekule. Kuhusu baba wa kambo, mama alisema afadhali amwite jini. Mlezi lilikuwa neno la barua za shule. Mwisho Patasi akasema, basi na aniite anko. Neno hilo la Kizungu aliliona halina mwenyewe. Kwa wenye lugha yao linamtosha mjomba, linamtosha ami, baba mkubwa, baba mdogo, hata mume wa shangazi, wote wamerundikwa humo na hakuna anayeuliza nani ametokea wapi. Na mtaani watoto walimwita hivyo muuza duka, mlinzi wa benki, na kila mwanamume aliyevaa viatu. Patasi alilichagua kama mtu anavyomvutia mgeni kiti cha plastiki, ili viti vya wenyewe visiguswe.

"Utajuta," mkewe akamwambia huku akicheka.

Mtoto alikosea mara nyingi. Akianguka, akiota ndoto, akiwa na homa, lile neno la kwanza lilimtoka. Kila mara Patasi alimrekebisha, bila ukali: "Anko." Mtoto naye akarudia: "Anko." Alipomaliza darasa la kwanza halikumtoka tena, na Patasi akahesabu hilo kuwa malezi mema.

Maana alimlea, hilo hata adui yake asingebisha. Mama alipozidiwa na oda, ni Patasi aliyemsuka nywele, zikatoka zimekwenda upande. Alimbeba mgongoni hadi zahanati mvua ikinyesha. Alimfundisha kusoma kwenye mawe. Mtoto alizijua herufi kwa ncha ya kidole kabla hajazijua kwa penseli. Alipitisha kidole ndani ya kila herufi iliyochongwa, na akikuta mkwaruzo aliita, "Anko, hapa pabaya." Ndipo Patasi akambandika jina la Mkaguzi, likamganda hata shuleni. Siku ya kumwandikisha, mwalimu aliuliza, "Na wewe ni nani wake?" Patasi akajibu, tena kwa kujivuna kidogo, "Anko yake."

Baba mwenyewe alikuja mara tatu katika miaka yote hiyo. Patasi alimwita Mgeni Rasmi, lakini kwa siri, kwa mkewe tu. Alifika na shati lililopigwa pasi, biskuti, na hadithi za barabarani, akapewa kiti kizuri cha sebuleni, akanywa chai, akaondoka. Patasi alitoka nje makusudi ili mtu na mwanawe wapate nafasi. Kutoka dirishani alimsikia Mkaguzi. Baba, tazama daftari langu. Baba, utalala? Ilimuuma, ikamuuma kwelikweli, naye akajiambia kwamba haki wakati mwingine huuma hivyo.

Mkaguzi alipokuwa sekondari mama yake akaugua. Hospitalini, katika siku ambazo hata kikombe kilimshinda kushika, alimwita Patasi karibu na mto.

"Mwambie sasa akuite inavyostahili. Nataka nisikie kwa masikio yangu."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Angemwambiaje? Neno kama hilo ukiliomba ukapewa, utajuaje kama hukupewa kwa huruma? Alitaka litoke lenyewe. Mke akafa bila kulisikia, na Patasi akamchongea jiwe zuri kuliko yote yaliyowahi kutoka mikononi mwake. Tangu hapo alibaki na tamaa moja tu duniani, asiyomwambia mtu: kabla kifua hakijamshinda, amsikie Mkaguzi akimwita baba, hata mara moja, bila kuombwa.

Mkaguzi akawa mwanamke mzima. Aliuza dawa kwenye famasi ya mjini, akapanga chumba karibu na kazi, na kila Jumapili alikuja na dawa ya kifua na chakula cha kutosha kubakizwa, akamgombeza kwa kufanya kazi bila kitambaa. Ilikuwa Jumapili moja kama hizo, anaosha vyombo, simu ikaita. Alisikiliza, akakausha mikono polepole kwenye gauni lake.

"Baba amefariki," akasema. "Lori limeanguka naye."

Patasi alimkumbatia, akamkalisha, akachemsha maji ya chai ambayo hakuna aliyeyanywa. Alimhurumia kwa dhati. Lakini asubuhi yake, akifagia karakana, jambo lingine lilimpita moyoni, akaliona lilivyo, akaona aibu mpaka akausimamisha ufagio. Aliwaza kwamba kiti sasa kiko wazi.

Marehemu alirudishwa kuzikwa kwao, na kwao kulikuwa ni hapahapa mjini. Mkaguzi alikwenda mazikoni peke yake, akarudi na ndugu wawili ambao hakuwa nao alipoondoka, watoto wa ile maskani nyingine. Mmoja alikuwa mnene, muuza vipuri. Mwingine mwembamba, bado anasoma. Hawakuwa watu wabaya, na ingekuwa rahisi kama wangekuwa wabaya. Walimwita dada. Mtoto wa pekee, aliyekua akicheza na vipande vya mawe, sasa anaitwa dada na wanaume wawili. Kila walipomwita shingo yake ilinyooka.

Udongo wa kaburi ulipotulia aliwaleta karakanani. "Tumekuja kwako, anko. Nani mwingine atamchongea vizuri?"

Patasi aliwakaribisha kwenye benchi, akapangusa kwa kiganja. Moyo ulikuwa unamwenda mbio kwa matumaini ya kijinga, na mdomo ukatangulia akili kwa mazoea.

"Alikuwa nani kwenu?"

"Baba," akasema mnene.

"Baba," akasema mwembamba.

"Baba," akasema Mkaguzi.

Alilisema laini, bila kusita, kama mtu anayelitumia kila siku. Patasi aliinama kutafuta penseli chini ya benchi, na penseli ilikuwa mfukoni mwake.

Mnene akafungua simu yake, akasoma jina la marehemu, tarehe, kisha maneno waliyokubaliana: "Baba mpendwa, mlezi na nguzo ya watoto wake wote. Chini yake majina yetu, fundi. Dada aanze, yeye ndiye mkubwa."

"Nguzo sawa," akasema Patasi. "Watu wengi huandika nguzo. Hilo la mlezi tuliangalie."

"Tuliangalie vipi?"

"Ninayo mengine. Kuna mzazi. Kuna mpendwa wetu. Kuna mzee wetu, nalo linakaa vizuri."

"Lakini mlezi ni kweli," mwembamba akasema kwa heshima. "Alitulea."

"Aliwalea ninyi."

Vijana wakatazamana. Mnene akauliza taratibu, "Kwani kuna tatizo, fundi? Jiwe ni dogo?"

"Anko," Mkaguzi akasema, "njoo mara moja."

Walisogea nyuma ya mawe yaliyoegemezwa ukutani, mahali ambapo Mkaguzi zamani alikuwa akijificha ili atafutwe.

"Andika tu, anko."

"Mimi siandiki uongo. Unanijua."

"Aliyenilea namjua, sijasahau hata siku moja. Lakini hawa wameniweka wa kwanza, na mama yao yuko hai na amekubali. Nikianza kuchagua maneno nitaonekana yule mtoto wa nje mwenye kinyongo. Nimechoka kuwa mtoto wa nje."

"Nje ya wapi? Nyumbani kwangu kulikuwa nje?"

"Sikusema hivyo."

"Basi mimi ni nani kwako?"

Swali hilo alikuwa amewauliza wajane, yatima na wakwe waliogombana, na hakuwahi kuogopa jibu. Mkaguzi aliushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili.

"Wewe ni anko wangu. Sina mwingine kama wewe."

Alimaanisha kila neno. Hapakuwa na ubaridi wowote ndani yake, na Patasi aliona kwamba huo ndio upendo wenyewe, umefika mwisho wake, na hapo ndipo unapoishia.

"Mama yako alitaka uniite..."

"Najua alichotaka. Mimi pia nilitaka. Nilikuwa nikilala najizoeza kimoyomoyo, nasema kesho nitamwita. Kesho ikifika unanirekebisha. Ulinifundisha kwamba neno lile lina mwenyewe na yuko njiani. Basi nikamwekea. Hakuna kingine nilichowahi kumwekea, anko, ni hilo tu. Leo yuko chini, ndiyo nimnyang'anye?"

Patasi alitaka kusema ndiyo. Mnyang'anye, nipe mimi, nilikosea, nilikuwa mjinga na mama yako aliniambia. Yote hayo yalimfika kooni, kikohozi kikayatangulia. Kikamkunja, kikamshikisha ukuta. Kilipokwisha Mkaguzi alikuwa akimpigapiga mgongo na kumuuliza kama amekunywa dawa.

"Nimekunywa," akasema. "Waambie nitaandika."

Akaandika. Alichora mistari kwa penseli, akapanga herufi, akaanza na jina la marehemu. Neno baba lilimchukua asubuhi nzima, si kwa ugumu, bali kwa sababu kila alipopiga nyundo alilisikia kwa sauti ya mtoto wa miaka mitatu, na ilimbidi aiweke nyundo chini. Alipofika kwenye mlezi alifanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja. Kila mchonga jiwe anaijua hila hiyo: unapitisha patasi juujuu, herufi zinaonekana safi, rangi inashika, lakini mvua za miaka michache zinaziramba mpaka anayepita aone jiwe tupu. Patasi alilipitia neno hilo juujuu. Ilikuwa haki yake, alijiambia, na hakuna atakayeona.

Mkaguzi alikuja kulitazama kabla halijapakwa rangi. Alisimama mbele yake. Kisha akanyoosha kidole, akaanza kupitisha ndani ya herufi, jina, tarehe, baba, mpendwa. Alipofika kwenye mlezi kidole kikasimama, kikarudi nyuma, kikapita tena.

"Anko, hapa hujashuka sawa na kwingine."

Patasi akaanza kukung'uta vumbi kwenye shati.

"Kifua kilikuwa kinakusumbua siku hiyo, eeh? Pole." Alisema kwa huruma tupu, haikumpitia hata akilini kwamba mtu huyu angeweza kumfanyia hila. "Ungepumzika kwanza, halafu ukapashusha kidogo. Nisingependa lifutike."

Alikaa pale, juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimsubiri. Patasi akachukua patasi nyembamba, akaliingia lile neno upya. Alilishusha likawa sawa na mengine, kisha, kwa kuwa alikuwa anatazamwa na mtu pekee duniani ambaye hakutaka kumwangusha, akalishusha zaidi. Mvua zingekuja na kuondoka, na yeye angekuwa amekwisha kusahauliwa, neno hilo bado lingesomeka.

Siku ya kuweka jiwe alikwenda na toroli lake, saruji, mwiko na pima maji. Familia ilikuwa imekusanyika, wamevaa vizuri. Alichanganya saruji pembeni, vijana wakamsaidia kunyanyua, jiwe likaketi mahali pake. Akapima huku na huku, akagongagonga kwa mpini wa nyundo mpaka lilipotulia. Alikuwa hana tena anachongoja, na alishangaa kwamba hali hiyo haipigi kelele yoyote. Mtu unaweza kuwa umekwisha kabisa na mikono bado inafuta saruji pembezoni.

Mkaguzi alikuja na kitambaa, akainama kumsaidia. "Anko, usiiname sana, nitafuta mimi."

Dada wa marehemu, mama mnene mwenye fimbo, alikuwa amesimama karibu. Alimtazama Patasi, akamtazama Mkaguzi. Tangu mazikoni alikuwa na kazi moja, kumpanga binti huyu mpya katika ukoo, nani ni nani wake.

"Mwanangu, huyu unayemwita anko ni wa upande gani? Wa mama yako?"

"Hapana, shangazi."

"Basi ni wa kwetu? Mbona simjui?"

Mkaguzi aliacha kufuta saruji. Alimgeukia Patasi kwa macho yale aliyokuwa akimgeukia nayo utotoni, mwalimu alipomuuliza swali gumu, akingoja amsaidie. Na Patasi, ambaye hajawahi kumnyima kitu, akamsaidia.

"Si wa upande wowote, mama. Ni vile watu wanavyoitana tu."

"Ahaa," akasema shangazi, akaridhika. "Nilidhani nimesahau mtu. Basi ahsante, anko, jiwe limekaa vizuri sana."

Mkaguzi alikuwa bado ameshika kitambaa. Alimtazama Patasi, lakini yule mwembamba akamwita, dada, njoo huku, wewe unakaa katikati, na wapiga picha wa simu wakaanza kujipanga. Alikwenda. Wadogo zake wakasimama kila mmoja upande wake, jina lake nyuma yake kwenye jiwe, la kwanza kwenye safu.

"Subiri, kuna ndoo inaonekana," mtu mmoja akasema. Na mwanamume mwingine, ambaye Patasi hakuwahi kumwona maishani mwake, akampungia mkono kwa uchangamfu. "Anko, tusogezee hiyo ndoo."

Patasi akaisogeza ndoo.